Taa ya Davy ilifanya kazi. Mbona wachimbaji waliendelea kufa?

Miezi kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye siku ya sayansi katika shule moja ya sekondari. Nilibeba onyesho langu ninalolipenda kuliko yote: jiko dogo la gesi la maabara, kipande cha wavu wa waya, na kiberiti. Unafungulia gesi bila kuiwasha, unashika wavu juu ya jiko, halafu unawasha kiberiti juu ya wavu. Gesi inayopenya inawaka juu, lakini chini ya wavu hakuna moto kabisa. Mwali umekaa pale kama umegonga ukuta, wakati matundu unayaona kwa macho yako. Darasa zima hushangilia.

Baada ya hapo nikasimulia hadithi inayofuatana na onyesho hilo kila mahali: Humphry Davy, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza, na taa ya usalama ya mwaka 1815. Nikamaliza. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono.

"Madam, kwa hiyo baada ya hapo hawakufa tena?"

Nikajibu, kwa kujiamini kabisa, "Walipungua sana."

Usiku huo nikaingia kutafuta takwimu za kuunga mkono jibu langu. Nilichokuta kilikuwa kinyume chake. Kwa hiyo makala hii ni ukosoaji wa hadithi ambayo mimi mwenyewe nimeisimulia vibaya, na wa tabia moja ya utafiti wetu wa kuzima milipuko ya gesi ambayo naona imerithi kosa lile lile. Nitaanza na hadithi.

Hadithi kama tunavyoijua

Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa Felling, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ulilipuka. Watu 92 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Chanzo kilikuwa gesi ya methani inayotoka kwenye makaa, ikikutana na moto wa wazi. Wachimbaji walihitaji mwanga, na mwanga wa wakati ule ulikuwa mshumaa.

Methani ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 inaweza kuwaka. Chini ya hapo gesi haitoshi, juu ya hapo oksijeni haitoshi. Karibu na asilimia 9.5 ndipo inapowaka kwa ukali wake wote. Ndani ya nafasi iliyofungwa kabisa, mchanganyiko huo unaweza kupandisha presha hadi karibu mara 8 ya presha ya kawaida ya hewa. Ili upate picha: mlango wa mita 1 kwa 2 ukisukumwa na ongezeko la presha sawa na presha moja tu ya hewa, unabeba nguvu inayolingana na uzito wa tani 20 hivi. Na hapo bado hatujafika hata kwenye mara 2 na nusu.

Davy alifanya kazi ya kisayansi safi kweli. Aligundua kwamba mwali haupiti kwenye tundu jembamba, kwa sababu kingo za chuma huunyonya joto haraka kuliko unavyoweza kulitengeneza. Akazungushia mwali wa taa wavu wa waya wenye matundu madogo ya chini ya milimita 1. Gesi inaingia, inawaka ndani, lakini moto hautoki. Tena mwali wenyewe ukawa kipimo, maana gesi ikiongezeka huota kofia ya buluu juu yake. Januari 1816 taa ilijaribiwa chini ya ardhi huko Hebburn, ikafaulu. Davy hakuikatia hataza. Wengine wawili, William Reid Clanny na George Stephenson, nao walikuwa wametengeneza taa zao za usalama wakati huo huo, na ukazuka ugomvi mkubwa wa nani alitangulia.

Hapo ndipo hadithi huishia. Mwanasayansi mwema, kanuni nzuri ya fizikia, kifaa, maisha yanaokolewa. Pazia.

Hesabu ambayo hadithi haiisemi

Mwaka 1835 kamati teule ya Bunge la Uingereza iliyochunguza ajali za migodini ilifanya kitu rahisi sana. Ilihesabu waliokufa kwa milipuko katika migodi ya Durham na Northumberland, miaka 18 kabla ya taa na miaka 18 baada yake. Kabla: 447. Baada: 538.

Soma tena. Baada ya taa, walikufa wengi zaidi.

Sasa tuwe waangalifu, maana hapa ni rahisi kuruka kwenda upande wa pili na kusema taa iliua watu. Uzalishaji wa makaa ulikuwa umekua na watu waliokuwa chini ya ardhi waliongezeka, kwa hiyo namba hizo mbili peke yake hazithibitishi kwamba taa ilikuwa mbaya. Lakini zinavunja kabisa jibu nililompa yule mwanafunzi. Na sababu zake zinafundisha kuliko hadithi yenyewe.

Sababu ya kwanza ni ya fizikia. Wavu unauzuia mwali uliotulia. Mkondo wa hewa ukifika kama mita 2 kwa sekunde, unaweza kuusukuma mwali ukapenya. Wavu ukikaa kwenye gesi nyingi muda mrefu unakuwa mwekundu kwa joto, na wavu mwekundu haunyonyi joto tena, wenyewe umekuwa kiberiti. Waya mmoja ukikatika, tundu linapanuka, na kanuni yote inaanguka. Vilevile taa ilitoa mwanga hafifu mno, kwa hiyo mtu anayelipwa kwa makaa aliyochimba alishawishika kufungua wavu ili aone anachofanya. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Sababu ya pili ni ya watu na pesa. Kabla ya taa kulikuwa na sehemu za migodi ambazo hakuna aliyethubutu kuingia, gesi ilikuwa nyingi mno. Baada ya taa, sehemu hizo zikafunguliwa. Nguzo za makaa zilizoachwa kushikilia dari, mahali ambapo gesi hukusanyika, zikaanza kuchimbwa. Yaani usalama uliopatikana haukubaki kuwa usalama, uligeuzwa makaa ya kuuza. Na mwenye mgodi aliyekuwa na taa mkononi aliona haja ndogo zaidi ya kugharamia kitu ambacho kingeondoa gesi yenyewe, yaani mifumo bora ya kupitisha hewa.

Hili ndilo kosa langu kubwa kwa hadithi ya Davy kama tunavyoisimulia. Inapima kifaa kwa kile kinachoufanyia mwali, halafu inanyamaza juu ya kile kinachoufanyia mgodi.

Shujaa wa pili, asiye na sura nzuri

Kuna jambo lingine ambalo hadithi ya taa hulificha. Milipuko mikubwa kabisa ya migodini haikuwa ya gesi peke yake.

Mwaka 1844 mgodi wa Haswell ulilipuka na kuua watu 95. Serikali ilimtuma Michael Faraday, ndiyo, yule yule wa sumaku na umeme, pamoja na mwanajiolojia Charles Lyell. Taarifa yao ilieleza kwamba vumbi la makaa lilishiriki katika mlipuko. Gesi huanza, wimbi la presha hutangulia mbele na kuinua vumbi lililolala sakafuni na kwenye kuta, kisha mwali unaofuata unakuta chakula kipya hewani. Mlipuko unajitengenezea mafuta yake unavyokwenda. Ndivyo cheche ya mahali pamoja inavyoweza kusafiri kilomita.

Taarifa ile haikubadilisha mengi. Miaka 62 baadaye, tarehe 10 Machi 1906, mlipuko ulipita kwenye njia za chini za migodi ya Courrières kaskazini mwa Ufaransa. Watu 1,099 walikufa. Ni janga kubwa kuliko yote ya migodini katika historia ya Ulaya, na vumbi ndilo lililoubeba moto umbali wote ule.

Dawa ya vumbi la makaa ikaja kuwa, amini usiamini, vumbi lingine. William Garforth, meneja wa mgodi wa Altofts huko Yorkshire, aliona baada ya mlipuko wa mwaka 1886 kwamba moto ulikuwa umekufa mahali ambapo njia zilikuwa na vumbi la mawe. Kuanzia mwaka 1908 akafanya majaribio juu ya ardhi, kwenye handaki la chuma lililojengwa kwa ajili hiyo, na kuonyesha kwamba ukichanganya vumbi la mawe la kutosha na vumbi la makaa, mwali unazimika. Vumbi la mawe linanyonya joto na kuzitenganisha chembe za makaa. Mwaka 1920 Uingereza ikalifanya kuwa sharti la migodini. Huko Ufaransa, Jacques Taffanel naye alifanya majaribio Liévin baada ya Courrières, na vizuizi vya rafu zilizojaa vumbi, ambazo wimbi la presha huzipindua kabla mwali haujafika, vinahusishwa na jina lake.

Umewahi kumsikia Garforth darasani? Mimi sikumsikia mpaka nilipoanza kuandika mapitio ya tasnifu. Sababu naielewa. Wavu wa Davy unaweza kuushika mkononi ukaonyesha darasa. Vumbi la mawe ni kazi ya kumwaga, kupima, na kumwaga tena, kila wiki, mwaka hadi mwaka, kwa sababu makaa hayaachi kutoa vumbi jipya. Halina siku ya kuzinduliwa, wala huwezi kuliwekea picha kwenye jalada la kitabu.

Kosa lile lile, sasa kwa grafu

Tuje nyumbani kwetu, kwenye utafiti. Nikisema "sisi" nami nimo.

Ukifungua makala za kuzima milipuko ya methani za miaka ya karibuni, utakuta nyingi zimejengwa kwa mtindo mmoja. Bomba, mara nyingi lenye uwazi upande mmoja ili kamera ipige mwali. Mchanganyiko wa asilimia 9.5. Kizimio kimoja: ukungu wa maji, naitrojeni, kaboni dayoksaidi, unga wa sodiamu baikaboneti, povu la chuma lenye matundu, au mchanganyiko wa viwili. Unalipua bila kizimio, unalipua pamoja nacho, unalinganisha presha ya juu kabisa. Sentensi ya mwisho ya ikisiri inasema presha ilipungua kwa asilimia kadhaa, na kwamba matokeo yanatoa msingi wa kuzuia milipuko migodini.

Tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa hivyo hivyo, ila bomba langu lilikuwa ndani ya kompyuta. Lilikuwa na urefu wa mita 1.5. Unga wangu ulikuwa umeshatawanyika sawasawa hewani kabla ya cheche. Nilipata asilimia nzuri ya kuweka kwenye ikisiri, nikaiweka, na nikaandika neno "migodini" kwenye sentensi ya mwisho. Hakuna aliyeniuliza unga ule ulifikaje hewani.

Sisemi majaribio madogo hayana maana. Bila hayo tusingejua kwamba vizimio vinafanya kazi kwa njia tofauti: vingine vinafukuza oksijeni, vingine vinapoza, vingine vinanasa radikali huru zinazoendesha minyororo ya kikemia ndani ya mwali, na vingine vinauzibia njia kama wavu wa Davy. Hiyo ni elimu ya kweli. Tatizo ni kuruka kutoka hapo hadi kwenye sentensi ya mwisho. Kwangu mimi, kabla ya kuruka, kuna maswali matatu ambayo msomaji ana haki ya kuyauliza.

Swali la kwanza: umejaribu kwenye nafasi kubwa kiasi gani?

Mwali tulivu wa methani hula mchanganyiko kwa takriban sentimita 40 kwa sekunde, polepole kuliko mtoto anayejifunza kutembea. Lakini gesi iliyoungua hutanuka na kuisukuma ile ya mbele, msukumo unazaa msukosuko wa hewa, msukosuko unaukunja mwali, mwali uliokunjwa unaungua haraka zaidi, na mzunguko unaendelea. Weka vikwazo njiani, kama nguzo, mikokoteni au mitambo, na unaongeza kasi zaidi. Kwenye handaki refu unaweza kufika mamia ya mita kwa sekunde. Hali ikiwa mbaya kabisa inakuwa detonesheni, takriban mita 1,800 kwa sekunde.

Bomba la mita 1.5 halitoi nafasi ya mambo hayo kukomaa. Sasa chukua mfumo wa kisasa wenye kihisi kinachoona mwali na mtungi unaorusha unga. Ukichukua milisekunde 50 tangu kuona hadi wingu la unga kuwa tayari, mwali unaokwenda mita 300 kwa sekunde umeshasogea mita 15. Kwa hiyo swali "unga huu unazima?" halitoshi. Swali ni "unga huu utakuwa wapi, lini, na mwali utakuwa wapi wakati huo?" Ndiyo maana Garforth alijenga handaki zima, na ndiyo maana Marekani, baada ya mlipuko wa Monongah wa mwaka 1907 ulioua watu 362 kwa hesabu rasmi, iliunda ofisi ya shirikisho ya migodi mwaka 1910 na kuanzisha mgodi halisi wa majaribio huko Bruceton, karibu na Pittsburgh. Mgodi wa kulipua makusudi! Ni gharama, ndiyo. Lakini vipimo vile havina mbadala rahisi.

Swali la pili: kikishindwa, kinashindwaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake huwashangaza hata wenzangu wa maabara. Tunadhani kizimio kisichotosha kinakuacha ulivyokuwa. Si lazima.

Ukipuliza maji machache, au kwa matone makubwa, unaweza kuukoroga mchanganyiko kuliko unavyoupoza. Msukosuko unazidi, mwali unaenda kasi zaidi, na presha inapanda zaidi ya vile ambavyo ungekaa bila kufanya kitu.

Mfano mwingine ni wa kwenye ndege. Kwa miaka mingi kizimio bora cha sehemu za mizigo kilikuwa haloni 1301. Inafanya kazi vizuri mno, lakini bromini yake inaharibu tabaka la ozoni, kwa hiyo chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zilizoendelea ziliacha kuizalisha kufikia mwaka 1994. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikajaribu mbadala wake kwa kuiga mkebe wa dawa ya kupuliza unaolipuka ndani ya sehemu ya mizigo. Baadhi ya mbadala, ikiwemo HFC-125, zilipowekwa kwa kiasi kisichofika kile cha kuzima, zilipandisha presha ya mlipuko. Kizimio kiligeuka kuni.

Sasa rudi kwenye grafu zetu. Ni makala ngapi zinaonyesha kilichotokea kwenye dozi ndogo, pale ambapo mstari unapanda badala ya kushuka? Zipo, na ndizo makala bora za fani hii. Lakini ikisiri hupenda kutaja dozi iliyofaulu zaidi. Mgodini hakuna anayekuhakikishia dozi hiyo. Mrija ukiziba nusu, unapata nusu dozi.

Swali la tatu: nani atakihudumia kila siku?

Tarehe 5 Aprili 2010 mgodi wa Upper Big Branch, West Virginia, Marekani, ulilipuka na kuua wachimbaji 29. Hii ni karne ya 21, nchi yenye Bruceton, nchi iliyojua kila kitu nilichoandika hapo juu. Uchunguzi wa mamlaka ya usalama migodini, MSHA, ulikuta nini? Mashine ya kukata makaa ilikuwa na meno yaliyolika na vipulizia maji visivyokamilika, kwa hiyo cheche ilipotokea hapakuwa na maji ya kuizima. Moto mdogo wa methani ukakua, ukakuta vumbi la makaa lililorundikana bila vumbi la mawe la kutosha. Uchunguzi ulikuta pia kwamba kampuni iliweka vitabu viwili: hatari zilizoandikwa kwenye kitabu cha ndani hazikuonekana kwenye kile cha wakaguzi. Mkuu wa kampuni, Don Blankenship, alitiwa hatiani mwaka 2015 kwa kula njama ya kukiuka sheria za usalama, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Baada ya janga hilo kanuni ilikazwa: vumbi la njia zote za chini liwe na angalau asilimia 80 ya kitu kisichoungua.

Angalia hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji uvumbuzi. Maji, vumbi la chokaa, na hewa. Vyote vilijulikana kwa karibu miaka 100. Kilichokosekana ni mtu wa kuvihudumia, na mwajiri wa kumruhusu asimamishe mashine ili avihudumie.

Linganisha na kisa kingine. Tarehe 17 Julai 1996 ndege ya TWA, safari namba 800, ililipuka angani karibu na Long Island, New York. Watu wote 230 walikufa. Uchunguzi ulihitimisha kwamba mvuke wa mafuta ulilipuka ndani ya tanki la katikati. Cheche yenyewe ilitoka wapi hasa, haikuthibitishwa kwa uhakika. Lakini suluhisho halikuhitaji kuijua cheche. Mwaka 2008 FAA ilitoa kanuni ya kupunguza uwezekano wa matanki ya ndege za abiria kushika moto. Njia iliyotumika sana ni kuchuja hewa ili kupata hewa yenye naitrojeni nyingi na kuisukuma ndani ya tanki, oksijeni ishuke kutoka asilimia 21 hadi 12 hivi au chini yake. Hapo hata cheche ikitokea, haina cha kufanya. Mfumo unafanya kazi wenyewe, na mashine ikiharibika ina utaratibu wa kutambuliwa na kurekebishwa.

Tofauti ya visa hivi viwili haipo kwenye ubora wa kemia. Mmoja unaondoa hatari kabla ya cheche na haumtegemei mtu aliyechoka mwishoni mwa zamu. Mwingine unategemea kila zamu, kila siku, chini ya msimamizi anayehesabu tani.

Na jikoni kwetu?

Unaweza kusema haya ni ya migodi na ndege, mimi nahusikaje. Tanzania ina mkakati wa kitaifa unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na mitungi ya gesi ni sehemu kubwa ya mpango huo. Naunga mkono, moshi wa kuni na mkaa unaua kimya kimya. Lakini jiko dogo lenye madirisha yaliyofungwa nalo ni nafasi iliyofungwa.

Tupige hesabu. Jiko la mita 3 kwa 3, dari mita 2.5, lina mita za ujazo 22.5. Gesi ya kupikia huanza kuweza kulipuka ikifika takriban asilimia 2 ya hewa. Hiyo ni mita za ujazo 0.45, ambazo ni chini ya kilo moja ya gesi. Mtungi wako mdogo una kilo 6. Na tofauti na methani inayopanda juu, gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kukaa pale, kwa hiyo hata kiasi kidogo zaidi ya hicho kinatosha kuwa hatari chini chini.

Kwa hiyo ukiuziwa kifaa chochote cha "kuzuia mlipuko", uliza maswali yale yale matatu. Mimi sina neno na kizima moto ukutani, kiwepo. Lakini mlipuko wa gesi iliyojaa chumbani huisha kabla hujakifikia. Kinachookoa ni vitu visivyo na sura nzuri: tundu la hewa chini ya ukuta, mpira usiochakaa, regulata iliyokaa sawasawa, na mtu anayesikia harufu akafunga mtungi, akafungua milango, na asiguse swichi ya taa. Hivyo ndivyo vumbi la mawe la jikoni.

Jibu ninalodaiwa

Davy alikuwa mwanasayansi mkubwa na kanuni yake ya wavu bado inatumika leo kwenye vizuia mwali vya mabomba na matanki. Onyesho langu sitaliacha. Nitakachobadilisha ni dakika mbili za mwisho: nitaandika ubaoni 447 na 538, niwaulize wanafunzi wenyewe kwa nini.

Na kwenye makala ninayoandika sasa nimeongeza grafu ambayo awali niliiacha nje, ile ya dozi ndogo, ambapo presha inapanda. Msimamizi wangu ameniuliza kama nina uhakika nataka kuiweka, maana inaharibu sentensi ya mwisho ya ikisiri. Nimemwambia ndiyo, sentensi ile ndiyo itakayobadilika.